Mkono wa Nani, Mbele ya Nani

Mamangu akisafiri huvaa pini saba. Idadi yake naijua kwa sababu mimi ndiye ninayemshikia kioo alfajiri ya safari, kabla hatujashuka kwenda kutafuta boti ya Manda, kisiwa cha ng'ambo ya Lamu uliko uwanja wetu wa ndege. Mbili hukaa mabegani kuzuia mtandio usiteleze, moja chini ya kidevu, tatu hubana nywele kisogoni. Ya saba, ile kubwa aliyoachiwa na nyanya yangu, hufunga mdomo wa kijifuko cha kitambaa alichokishona ndani ya gauni, upande wa kushoto, chini ya titi, anamotia pesa zake. Juu ya yote huja buibui. Hivyo ndivyo alivyofunzwa kusafiri, na hajawahi kuibiwa senti.

Siku tuliyokuwa tukirudi kutoka hospitali, katika uwanja mmoja mkubwa wa ndege ambao sitautaja, mlango wa kupimia chuma ulilia alipopita. Kijana aliyekuwa zamu aliinua mkono kumzuia, kisha akaushusha haraka. Akageuka nyuma. "Kuna dada huko?" Hapakuwa na dada. "Mama, simama hapo kando kidogo." Hapo kando palikuwa na mkeka wa mpira wenye alama mbili za nyayo za manjano. Mamangu akazikanyaga, miguu mitupu, kwa kuwa viatu vilikuwa vishapita kwenye mkanda pamoja na mkoba wake wa dawa. Akasimama. Wanaume walikuwa wakipita na mishipi yao mikononi, yule kijana akiwakagua upesi mmoja baada ya mwingine. Kundi zima la watalii lilipita. Mimi nilikuwa upande wa pili, nimekatazwa kurudi.

Dada alipokuja alikuja mbio kutoka lango jingine, akivaa glavu huku anatembea. "Panua mikono, mama." Mkono ukaanza mabegani, ukashuka makwapani, ukazunguka mgongo, ukapita chini ya matiti, ukasimama. "Hii ni nini?" Mamangu hakujibu. Hakuwa mjeuri, sauti ndiyo iliyokataa kutoka. Vifungo vinne vya juu vya buibui vikafunguliwa pale pale, kando ya trei za plastiki. Katika foleni walikuwamo wanaume wawili wa Lamu wanaotujua. Mmoja wao, aliyesoma kwa marehemu babangu, aligeuza uso akautazama ukuta, na kwa kule kugeuka kwake mamangu akajua kwamba alikuwa ameona.

Ndani ya ndege hakusema neno. Tulitua Manda, tukashuka hadi jeti, tukaingia botini, na mji ulipoanza kuonekana ng'ambo ndipo aliponiambia: "Yeo nimevuliwa sitara mbele ya watu." Kikapita kitambo. Kisha akaongeza: "Na yule binti hana makosa. Alikuwa peke yake."

Naandika makala haya kwa ajili ya sentensi hiyo ya pili.

Niseme mapema kwamba sitaki ukaguzi uondolewe. Mtu wa Lamu hana haja ya kuelezwa kwa nini mifuko hupekuliwa. Juni 2014 watu zaidi ya 60 waliuawa Mpeketoni na viunga vyake, na baada ya hapo tuliishi chini ya amri ya kutotoka usiku, wavuvi wakiambiwa wasiende baharini kukiwa na giza, nao usiku ndio wakati wao wa kuvua. Januari 2020 kambi ya kijeshi ya Manda Bay ilishambuliwa, siku chache tu baada ya basi la abiria kushambuliwa Nyongoro. Anayesafiri kwa basi kutoka hapa hadi Mombasa anajua kuteremka kwenye vizuizi, kitambulisho mkononi, na kutembea kwa mstari mbele ya askari hadi basi lilipo. Tumesachiwa sana, na tumevumilia kwa sababu tunajua kinachotafutwa.

Tunajua pia kwamba kinachotafutwa kinaweza kuwa chini ya buibui. Tarehe 11 Septemba 2016 wanawake watatu waliingia kituo kikuu cha polisi cha Mombasa wakijifanya wamekuja kuripoti simu iliyoibwa. Walikuwa wamevaa buibui, na ndani yake mlikuwa na kisu na bomu la petroli. Wote watatu waliuawa pale pale. Jioni ile kila mwanamke wa Pwani avaaye vazi hili alifahamu kwamba kuanzia kesho yake kuna jicho litakalomfuata madukani, benki na kwenye feri. Mimi pia nililihisi. Kwa hiyo nikizungumza juu ya sitara ya mamangu, nazungumza nikiwa na picha ya kituo kile kichwani.

Sheria yetu imelijibu swali la kwanza, la mkono wa nani umpekue mwanamke, muda mrefu. Kifungu cha 27 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinasema kwamba ikilazimu mwanamke kupekuliwa, atapekuliwa na mwanamke mwenzake, tena kwa kuzingatia adabu kikamilifu. Kifungu hicho ni cha polisi na washukiwa, lakini desturi ya kwenye viwanja vya ndege inakwenda njia hiyo hiyo: wa kike kwa wa kike, wa kiume kwa wa kiume. Juu yake ipo Katiba ya 2010, ambayo katika kifungu cha 28 inampa kila mtu haki ya utu wake kuheshimiwa, na katika cha 31 inalinda faragha yake, ikiutaja mwili wake waziwazi kuwa miongoni mwa vitu visivyopekuliwa kiholela.

Tatizo ni kwamba watu wakisoma kifungu kile hushika nusu ya kwanza, ya mwanamke kwa mwanamke, wakaiacha ile ya adabu. Wanauliza mkono ni wa nani. Hawaulizi mkono huo unapita mbele ya nani, na mwenye mwili ameambiwa nini kabla haujamfikia. Siku ile mamangu alishikwa na mwanamke. Kwenye daftari, kama lipo, kanuni ilifuatwa.

Sasa tulitazame lile lango lenyewe. Kijana aliyeko zamu bila mwenzake wa kike ana njia tatu. Anaweza kumpapasa mwanamke yeye mwenyewe, akavunja kanuni na akaharibu jina lake. Anaweza kumsimamisha kando amngojee dada, jambo lililompata mamangu. Au anaweza kupunga mkono na kusema, "Pita tu, mama."

Hii njia ya tatu ndiyo ninayoiona mara nyingi zaidi, hasa kwenye milango ya majengo mijini, ya benki, ya maduka makubwa na ya ofisi za serikali, ambako tangu shambulio la duka la Westgate, Nairobi, mwaka 2013 kila mlango umewekewa soja na kijiti cha kupimia chuma. Mwanamume hupitishiwa kijiti mbele na nyuma. Mwanamke hufunguliwa mkoba, ukachunguliwa juu juu, akaambiwa apite. Sisi wanawake tunaipenda sana hiyo "pita tu, mama". Inaonekana ni heshima. Mimi pia nimeipokea kwa shukrani mara nyingi, jua likiwa kali na mtoto akilia.

Lakini ni tundu, na anayetaka kulitumia ameliona kabla yetu. Urusi iliwahi kulipa gharama yake. Agosti 2004 ndege mbili za abiria zililipuliwa angani usiku mmoja na wanawake wawili waliobeba mabomu. Mwezi uliofuata Marekani ikakaza upapasaji katika viwanja vyake, na mikono ikaanza kupita kwenye vifua vya wanawake kwa namna ambayo haikuwapo kabla. Malalamiko yalikuwa mengi kiasi kwamba kabla mwaka haujaisha utaratibu ukabadilishwa. Ukiitazama hadithi hiyo kwa makini utaona kwamba kilichoanza kama uzembe kwa wanawake kiliishia kuwa ukali kwa wanawake. Ndivyo inavyokuwa kila mahali. Leo tunaambiwa pita tu, kesho jambo likitokea tunavuliwa mitandio barabarani, na siku zote mbili hakuna aliyekaa akafikiri namna ya kumkagua mwanamke sawasawa.

Kwa hiyo nakataa ile hoja kwamba starehe ya abiria na usalama wa ndege ni vitu viwili vinavyovutana, kwamba ukizidisha kimoja unapunguza kingine. Penye haya, mkono huruka. Nilithibitisha hili kwa binti mmoja wa mtaani kwetu aliyewahi kufanya kazi ya ulinzi langoni kwa miaka kadhaa. Nilimuuliza kazi ile ilikuwaje. Alinyamaza kidogo, akasema: "Dada, mimi nilifundishwa mkono uanzie wapi na uishie wapi. Hakuna aliyenifundisha la kusema." Nikamuuliza kuhusu wakongwe. "Kwa wakongwe nilikuwa naruka. Nitamshikaje bi mkubwa hapa?" Akagusa kifua chake. "Tena watu wote wanatazama?"

Huyo ni mlinzi aliyefunzwa, mwenye glavu na beji, anayekiri kwamba sehemu ile ile ambayo mhalifu angeificha silaha ndiyo aliyoiruka, kwa kuwa palikuwa na macho ya watu. Mngempa pazia angefanya kazi yake yote.

Pengine msomaji atauliza kwa nini mikono itumike hata kidogo, ilhali kuna mashine. Jibu lina historia yake. Ule mlango unaolia hutambua chuma tu. Pini ya mamangu huiona. Unga wa mlipuko hauoni. Siku ya Krismasi ya 2009 kijana mmoja alipanda ndege ya kwenda Detroit akiwa na baruti ndani ya chupi, na hakuna mlango uliolia, maana hapakuwa na chuma cha kuufanya ulie. Tangu hapo ndipo Marekani ilipoeneza mashine za kupima mwili mzima, na mwaka uliofuata, 2010, ikaanzisha upapasaji mzito zaidi kwa wanaoikataa mashine au wanaoliza kengele. Mashine zile za mwanzo zilitoa picha iliyoonyesha umbo la mtu kana kwamba hana nguo. Watu walipiga kelele, sheria ikatungwa, na kufikia 2013 zile zilizoshindwa kuificha picha hiyo ziliondolewa. Zilizobaki huonyesha mchoro mmoja wa mtu asiye na sura, na kisanduku kidogo mahali penye shaka.

Huo ni ushindi wa sitara, na ulipatikana bila ndege moja kupotea kwa sababu yake. Waliokuwa wakisema haiwezekani walikuwa wamekosea.

Hata hivyo mashine nayo ina mazoea ya aliyeitengeneza. Kwa miaka mingi mlinzi wa Marekani alilazimika kubonyeza kitufe kabla abiria hajasimama ndani: cha waridi kwa mwanamke, cha buluu kwa mwanamume, naye akiamua kwa kutazama tu. Akikosea, mashine huona kifua au kinena kisichotarajiwa, na abiria hupelekwa kupapaswa hapo hapo. Mwaka 2022 ilitangazwa kwamba programu ya mashine hizo ingebadilishwa ili isitegemee kitufe hicho. Nywele pia zilileta mzozo. Wanawake weusi wenye misuko na nywele nzito walikuwa wakichokorwa vichwa mara kwa mara, hadi 2015 idara inayohusika ilipokubali kuwafunza upya walinzi wake baada ya malalamiko. Sisi tulio na misuko chini ya mtandio tunaelewa hapo bila kuelezwa zaidi.

Viwanja vyetu vingi bado ni vya mlango na mkono. Kwa hiyo tuzungumze juu ya mkono.

Tuchukulie ndege ya abiria 70, nusu yao wanawake. Mwanamke wa Pwani huvaa bangili, pini, vifungo vya chuma, na sidiria nyingi zina waya. Tuseme mmoja kati ya kila watatu ataufanya mlango ulie. Hao ni kumi na wawili hivi. Ukaguzi wa adabu, wenye salamu na maelezo, ni dakika mbili. Mlinzi mmoja wa kike atahitaji karibu nusu saa kwa ndege moja, na wakati huo huo anaitwa lango la pili na la tatu. Wanaume wamegawana walinzi wawili au watatu. Basi hata pasipokuwa na mtu mwenye nia mbaya, wanawake watangoja zaidi, mlinzi atakimbia, na akikimbia, cha kwanza anachokiacha ni yale maneno na lile pazia. Sijaona hapa suala la tabia mbovu. Ni hesabu ya zamu, na anayepanga zamu ana uwezo wa kuirekebisha leo alasiri.

Jambo la kusikitisha ni kwamba sisi wa Lamu tulikuwa na ujuzi huu kwenye kuta zetu. Mji wetu wa kale uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, na wageni huja kupiga picha milango iliyochongwa. Wachache huuliza mlango huo ulifanya kazi gani. Nyumba ya mawe ya Lamu huanza na daka, kile kibaraza cha kuingilia chenye viti vya mawe pande mbili. Mgeni hupiga hodi, akajitambulisha, akaketi hapo, akaulizwa shida yake. Akiruhusiwa kupita, hukutana na tekani, ukumbi wa kuingilia, na njia huko hupinda, ili aliyeko mlangoni asione kiwanda, yaani ua wa ndani, wala wanawake waliomo. Ndipo ije misana, vile vyumba virefu, kisha ndani, chumba cha faragha zaidi. Juu ya baadhi ya vichochoro kuna wikio, chumba kinachovuka kutoka nyumba hadi nyumba, ambamo mwanamke aliweza kumtembelea jirani bila kushuka njiani.

Huo ni mfumo wa ulinzi. Kila aingiaye alikaguliwa, wala hakuna aliyeonyeshwa kwa watu wakati wa kukaguliwa. Waliojenga walielewa kwamba kumzuia mtu na kumwanika ni mambo mawili tofauti, na kona moja ya ukuta inatosha kuyatenganisha. Wajenzi wa viwanja vya ndege wametupa ukumbi mmoja mpana wenye taa kali, na mwanamke amesimamishwa katikati yake juu ya nyayo za manjano.

Sitaki kuutakasa mji wangu. Zamani hizo hizo wanawake wa kiungwana wa Lamu walipotoka walitembea ndani ya shiraa, kitambaa kikubwa kama hema, kikishikwa na watumwa waliokwenda nao. Sitara ya mmoja ilibebwa na mwingine asiye na sitara yake. Nalikumbuka hilo kila nikimfikiria yule binti wa glavu. Tukidai haki ya mama zetu kwa kumwongezea yeye mbio, lawama na macho makavu ya abiria, tutakuwa tumemkabidhi nguzo za shiraa. Yeye pia ana mwili. Yeye ndiye anayetumia siku nzima kugusa watu wasiotaka kuguswa, wengine wakimtukana, wengine wakilia. Mamangu aliyaona hayo akiwa amesimama miguu mitupu, kabla mimi sijayaona.

Kwingine wameyatatua kwa njia nyepesi. Wenzetu wanaokwenda India kwa matibabu wanavijua vile vibanda vya pazia: kila abiria hupitishiwa kijiti, wanawake wana mstari wao, na wanaingia kibandani mmoja mmoja kwa askari wa kike. Wanaokwenda Umra wamekutana na mfano wa hayo nchi za Ghuba. Mapazia hayo ni ya kitambaa cha kawaida, yananing'inia kwenye bomba la chuma, na fundi yeyote wa mtaa wa Langoni, Lamu, angeweza kuyatengeneza kwa siku moja. Marekani, pamoja na ukali wake wote, abiria ana haki ya kuomba apapaswe faraghani na kuingia na mtu wake awe shahidi. Msikh mwenye kilemba anaweza kukipapasa yeye mwenyewe, kisha viganja vyake vikapanguswa kwa kijitambaa kinachopimwa na mashine kutafuta chembe za baruti. Hebu fikiria hilo kwa mtandio. Mamangu angeupapasa mtandio wake kwa mikono yake mwenyewe, akaitoa mikono ipanguswe, na hakuna kidole cha mtu kingepita shingoni mwake.

Kuna pia walio katikati ya hizi foleni mbili, ambao hatuwataji. Sensa ya 2019 iliwahesabu Wakenya 1,524 wenye jinsia mbili, yaani waliozaliwa na maumbile yasiyoangukia wazi upande wa kike wala wa kiume. Huyo akifika langoni, "kuna dada huko?" haimsaidii. Mwaka 2010 Mahakama Kuu ilimpa mfungwa mmoja wa gereza la Kamiti mwenye hali hiyo fidia ya shilingi 500,000 kwa sababu askari jela walimvua nguo na kumfanyia dhihaka. Miaka minne baadaye, Sheria ya Watu Walionyimwa Uhuru ya 2014 iliandika kwamba mtu wa namna hiyo aliye kizuizini ana haki ya kuchagua apekuliwe na mtu wa jinsia gani. Mfungwa wa Kenya amepewa haki hiyo kwa maandishi. Msafiri asiye na kosa, aliyenunua tikiti kwa pesa zake, naye anastahili kuulizwa swali hilo hilo kwa sauti ya chini: ungependa ukaguliwe na nani?

Wanaume nao wasidhaniwe hawana haya. Nimemsikia mjomba wangu, mzee wa kikoi na kanzu, akisimulia kwa hasira alivyoshikwa kinena mbele ya mkwewe. Alisimulia mara moja tu, na hatukuthubutu kumuuliza zaidi.

Nirudi kwenye maneno, kwa kuwa ndiyo yasiyogharimu chochote. Kiswahili kimejaa adabu ya kumkaribia mtu: hodi, samahani, niwie radhi, kwa idhini yako. Langoni yote hayo yamepungua, yakabaki maneno mawili: "panua mikono". Mlinzi angeweza kusema: "Shikamoo, mama. Mlango umelia, nahitaji kukukagua. Nitapitisha nyuma ya kiganja changu chini ya kifua na mgongoni. Kama kuna mahali panauma au kuna kitu umefunga, niambie kwanza." Kumwambia aliyefanyiwa upasuaji wa titi maneno hayo ni kumpa nafasi ya kusema kabla hajaguswa mahali pa kidonda. Mamangu angesema: mna pesa zangu na pini, mwanangu. Vifungo vinne visingefunguliwa.

Na abiria naye ana lake. Tunaweza kuuliza, bila ugomvi: pana chumba? Yupo mwanamke wa pili? Naweza kuingia na mwanangu? Nimeuliza hivyo mara mbili tangu siku ile. Mara ya kwanza nilitazamwa kama mtu anayeficha kitu. Mara ya pili walitafuta ufunguo wa ofisi ndogo, wakatufungulia, na yote yakaisha kwa muda mfupi kuliko ule aliongoja mamangu juu ya mkeka. Chumba kilikuwapo siku zote. Kilikuwa kimejaa viti vibovu na boksi za karatasi.

Mamangu alikuwa na miadi nyingine ya daktari. Usiku wa kuamkia safari nilimkuta ukumbini na sindano, anaushonea mtandio kwenye kofia ya ndani ili asihitaji pini hata moja. Kile kijifuko cha pesa alinikabidhi mimi. Pini ya nyanya aliiweka ndani ya kikombe juu ya kabati, akakigeuzia mgongo.

Tulipokuwa tunarudi tulipita uwanja ule ule, lango lile lile. Mlango haukulia. Yule binti alikuwa zamu, glavu mkononi, akiwa anatoka lango moja kwenda jingine. Alimtambua, akasita. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," mamangu akasema. Akamtazama nyuma yake, upande huu na huu. "Hata yeo hawajakupa mwenzio?"

"Bado, mama."